Nimepigwa na Wimbo wa Mwaka 1994

Jamani, mimi si mcheza kamari. Naomba hilo lieleweke kabla hamjanitazama kwa jicho lile alilonitazama nalo mama watoto. Mimi nilikuwa natabiri. Kamari ni mpira. Hili linaitwa soko la utabiri, lina grafu, na mtu anayekodolea grafu macho saa saba za usiku ni mchambuzi.

Aliyenitia humo ni shemeji yangu. Katikati ya Desemba akanionyesha simu: "Shem, hapa watu wanabashiri wimbo gani utaongoza chati wiki ya Krismasi. Unanunua Ndiyo au Hapana. Ukipatia, kila hisa inalipwa dola 1. Ukikosa, sifuri."

Juu kabisa alikaa mwimbaji wa Marekani, Mariah Carey, na wimbo wake wa Krismasi "All I Want for Christmas Is You", senti 90. Niweke senti 90 nipate faida ya senti 10? Hicho si kiinua mgongo cha mchwa? Nikashuka chini, chini kabisa, nikaukuta wimbo mpya wa kijana mmoja ninayemkubali sana. Senti 4!

Mimi nikiona bei imelala hivyo akili inahama. Nikadhani ni ofa. Kumbe kwenye masoko yale bei ndiyo utabiri wenyewe: senti 4 maana yake waliotangulia wameshapiga hesabu, wakaona wimbo huo una nafasi 4 kwenye 100. Mimi nikaweka dola 10, nikapata hisa 250, nikaanza kuzitumia zile dola 250 kichwani. Kufikia jioni nilikuwa nimeshanunua sofa, nabishana na nafsi yangu kuhusu rangi.

Usiku ndipo nikakumbuka kumchunguza mpinzani. Wimbo umetoka mwaka 1994. Ukavizia miaka 25, ukashika namba moja ya Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo za Marekani, kwa mara ya kwanza Desemba 2019, na tangu hapo kila Desemba unarudi kama mwenye nyumba anayefuata kodi. Nikajipa moyo kwamba huenda watu wamechoka. Nikasoma mbele, nikakuta mwaka 2023 kuna aliyempokonya kiti Mariah. Nikaruka kitandani! Aliyempokonya ni Brenda Lee, kwa wimbo uliotoka mwaka 1958. Yaani hata wa kumwangusha mkongwe ni mkongwe zaidi. Jungu kuu halikosi ukoko, sikatai, lakini ukoko wa miaka 65 na bado watu wanagombea kukwangua? Wimbo wa kijana wangu ulikuwa na siku 9.

Nikasema basi nitambeba mwenyewe. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Nikapiga hesabu: mara 120 kwa saa, mara 2,880 kwa siku, nisipolala. Simu ikaingia chini ya mto.

"Baba watoto, hicho kinacholia ni nini?"

"Kazi."

"Kazi gani ina kiitikio?"

Siku ya tatu watoto walikuwa wanauimba wakipiga mswaki, na mimi, shabiki wake namba moja, nikiusikia tumbo linauma. Baadaye ndiyo nikajua kwamba mitandao ya muziki huchuja usikilizaji wa kulazimisha kama huo. Hata usipochujwa, wenzangu walioko kileleni wanasikilizwa mara mamilioni kwa siku. Mimi na mto wangu tulikuwa tunajaza bahari kwa kijiko.

Matokeo yakatoka. Sitaki kuyazungumzia. Mariah, bila shaka. Hisa zangu 250 zikawa sifuri, sofa likarudi dukani.

Siku ya Krismasi shemeji kaja anachekacheka, kawaletea watoto spika mpya. Nikamuuliza fedha kazitoa wapi.

"Si kule kule sokoni, Shem. Kila anayenunua Ndiyo kwa senti 4, lazima apatikane wa kununua Hapana kwa senti 96. Mimi nilinunua Hapana 250. Faida dola 10."

"Hapana ya wimbo gani?"

Hakujibu. Aliinama akawasha spika, na kabla sijafungua mdomo, mama watoto alishaanza kuimba pamoja na Mariah.