Viti Bila Mamlaka: Ubia wa Wakazi na Umaskini wa Mabonde ya Wales

Februari 2017 serikali ya Wales ilithibitisha kwamba inaufunga mpango wake mkuu wa kupambana na umaskini mitaani. Mpango huo, Communities First, ulianza 2001, na ulipofikia mwisho Machi 2018 ulikuwa umekwisha kutumia zaidi ya pauni milioni 400. Waziri aliyehusika, Carl Sargeant, hakudai kwamba fedha zilipotea bure. Alieleza kwamba mpango uliwasaidia watu mmoja mmoja, ila umaskini wa maeneo yenyewe haukupungua. Tangu hapo kauli hiyo imekuwa ikitolewa kila anapotokea mtu kupendekeza kwamba wakazi wa mtaa maskini wapewe fedha na nafasi ya kuamua: tulishajaribu, haikufaa.

Naona hukumu hiyo ina ukweli nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo tunayoihitaji sasa, kwa kuwa miji kadhaa ya Wales inaingia tena katika awamu nyingine ya mamilioni ya kufufua mitaa.

Tuanze na hali ya maeneo yenyewe. Mwaka 1920 migodi ya makaa ya mawe ya kusini mwa Wales iliajiri watu wapatao 270,000. Miji ya mabondeni, Rhondda, Merthyr Tydfil, Tredegar, Ebbw Vale, ilijengwa kwa ajili ya kazi hiyo na ya chuma: safu ndefu za nyumba zilizobanana kati ya mto na mlima, kila safu ikielekea mgodini. Baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985 kushindwa, migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Maerdy, wa mwisho katika mabonde ya Rhondda, ulifungwa Desemba 1990. Kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale kilifuata 2002.

Kilichopotea hakikuwa mshahara peke yake. Wachimbaji wa mabonde hayo walikuwa wakikatwa sehemu ndogo ya malipo yao ili kujenga kumbi, maktaba na huduma za matibabu, na waliziendesha wenyewe kwa kamati walizozichagua. Chama cha matibabu cha wafanyakazi wa Tredegar ndicho alichokifuata Aneurin Bevan, mzaliwa wa mji huo na waziri wa afya wa Uingereza, alipoanzisha huduma ya afya ya taifa 1948. Watu hawa hawakuhitaji kufundishwa ushirikiano. Mgodi ulipofungwa, makato yalikoma, na makato yalipokoma, taasisi zao zilikosa chanzo cha fedha. Naliweka hili mbele kwa sababu maandishi mengi ya kiserikali kuhusu mabonde huanza na neno "kujenga uwezo wa jamii", utadhani uwezo haukuwahi kuwepo.

Bunge la Wales lilikuwa na umri wa miaka miwili tu Communities First ilipoanza. Zilichaguliwa kata 100 zilizokuwa na hali mbaya zaidi katika orodha rasmi ya ufukara ya mwaka 2000, pamoja na vitongoji vidogo vilivyofichika ndani ya kata zenye nafuu. Kila eneo liliunda ubia wake kwa kanuni ya theluthi tatu: theluthi ya viti kwa wakazi, theluthi kwa taasisi za umma kama halmashauri, polisi na idara ya afya, na theluthi kwa mashirika ya hiari na wafanyabiashara. Serikali haikuwaamuru cha kufanya. Wakazi wangekaa, wangetaja matatizo yao, wangepanga.

Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ujasiri, na halipaswi kubezwa. Lakini ndani ya mpango mlikuwa na dhana moja iliyobeba uzito wote. Fedha za Communities First zenyewe zilikuwa ndogo zikilinganishwa na bajeti za kawaida za shule, afya, nyumba na usafiri. Zilikusudiwa kulipa wafanyakazi wachache na kuanzisha shughuli. Mabadiliko makubwa yangetokea pale taasisi za umma zitakapopindisha bajeti zao kuelekea mitaa hiyo. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mkazi aliyekaa kiti cha theluthi yake aliweza kumweleza mjumbe wa idara ya afya kwamba mtaa wake unahitaji kliniki. Mjumbe aliandika, akarudi ofisini, na mkuu wake hakuwa na wajibu wowote wa kisheria kubadilisha hata pauni moja.

Utafiti uliochapishwa 2008 na taasisi ya Joseph Rowntree Foundation ulionyesha hivyo: wakazi walipata sauti ya kweli ndani ya kamati zao, ila uwezo wao wa kubadili mienendo ya taasisi za umma ulikuwa mdogo sana. Mwaka uliofuata Ofisi ya Ukaguzi ya Wales ikatoa ripoti kali. Zaidi ya pauni milioni 200 zilikuwa zimekwenda bila serikali kuwa imeweka tangu mwanzo vipimo vya kuonyesha nini kimepatikana, na kule kupindishwa kwa bajeti kulikuwa nadra. Zaidi ya hapo, huko Plas Madoc, karibu na Wrexham, wakaguzi walikuta usimamizi mbovu wa fedha. Kwa wapinzani wa mpango, kisa hicho kilitosha.

Hoja za wapinzani hao ni nzito na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza, fedha za umma ni za wote, na mama wa Cardiff, mji mkuu wa Wales, anayelipa kodi ana haki ya kuuliza zimeleta nini. Ya pili, umaskini hauheshimu mipaka ya kata. Maskini wengi wa Wales waliishi nje ya maeneo yaliyochaguliwa, hasa vijijini, nao hawakupata chochote. Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: kamati za wakazi hutawaliwa haraka na wachache wenye muda na ulimi. Mlezi wa mama mgonjwa, kijana wa zamu za usiku ghalani, mgeni asiyejua Kiingereza wala Kiwelshi vizuri, hao hawaonekani kikaoni, na uamuzi unaoitwa wa jamii huwa wa watu wachache walewale.

Upande wa pili una jibu, na kwangu jibu hilo lina nguvu kuhusu umaskini wenyewe. Mishahara, kodi na posho za ustawi haziamuliwi na ubia wa mtaa, na nyingi haziamuliwi hata na serikali ya Wales iliyoko Cardiff, huamuliwa na serikali ya Uingereza iliyoko London. Aprili 2013 wapangaji wa nyumba za jamii, yaani za halmashauri na mashirika ya nyumba, waliokuwa na chumba kimoja cha ziada walianza kukatwa msaada wao wa kodi kwa kiasi cha asilimia 14 ya kodi ya nyumba. Katika vitongoji vilivyojaa nyumba za vyumba vitatu, zilizojengwa kwa familia kubwa za zamani, hakukuwa na nyumba ndogo za kuhamia. Kuanzia 2016 posho nyingi zikagandishwa kwa miaka minne huku bei zikipanda. Kuitaka kamati ya watu 20, yenye mratibu mmoja na ukumbi wa kukodi, ishushe umaskini dhidi ya mkondo huo ni kuibebesha kazi isiyo yake.

Hata hivyo, watetezi nao wasijifiche nyuma ya jibu hilo. Walikubali jukumu hilo 2001 na walipokea fedha kwa jina lake. Kama mpango haukuweza kushusha umaskini, ulipaswa kusema mapema unaweza nini, na kulipima hilo.

Marekebisho ya 2012 yalizidisha tatizo, kwa maoni yangu. Maeneo yaliunganishwa kuwa makundi makubwa 52, mengi yakawekwa chini ya halmashauri, na malengo yakapangwa kutoka juu: afya, elimu, ajira. Takwimu zilipatikana kwa urahisi zaidi, waliomaliza mafunzo, waliopata kazi. Kamati za wakazi zilizotumia miaka kumi kujifunza bajeti na mikutano zikabaki za kushauriwa tu, na wengine wakaacha kuhudhuria. Miaka mitano baadaye serikali ilipoufunga mpango kwa madai kwamba haukugeuza maeneo, ilikuwa ikihukumu kitu ambacho yenyewe ilikwisha kukiondolea uhusiano na maeneo hayo.

Basi tuangalie kilichobaki baada ya ruzuku kukauka. Ely na Caerau, magharibi mwa Cardiff, wakazi waliunda shirika lao la hisani, ACE, mwaka 2011, wakati mpango bado ulikuwa hai. Fedha za serikali zilipokoma, ACE haikufa. Pamoja na Chuo Kikuu cha Cardiff na shule za mtaa imechimbua ngome ya kale ya Enzi ya Chuma iliyo juu ya kilima cha Caerau, na maelfu ya watu wameshiriki katika eneo ambalo magazeti huliandika kwa uhalifu tu. Ghasia zilizozuka Ely Mei 2023 zilionyesha kwamba shirika zuri halifuti dhiki ya mtaa. Lakini palikuwa na watu wanaoaminika wa kukaa na vijana na wazazi kesho yake, na hilo haliundwi kwa wiki moja.

Kaskazini, Blaenau Ffestiniog, mji uliokulia kwenye machimbo ya mawe ya sleti, biashara za kijamii zimejiunga katika mtandao uitwao Cwmni Bro Ffestiniog. Ndani yake mna njia za baiskeli za mlimani zinazovuta wageni, sinema, hoteli inayowajali watu wenye ulemavu, mradi wa mazingira. Zinaajiri watu wa mji na faida inabaki mjini. Miaka ya nyuma, huko Hirwaun, kusini mwa Wales, wachimbaji 239 waliweka kila mmoja pauni 8,000 za kiinua mgongo, wakaununua mgodi wa Tower uliokuwa umetangazwa hauna faida, wakaufungua Januari 1995 na kuuendesha kwa miaka 13 hadi makaa yalipokwisha.

Mambo haya matatu hayafanani, na Tower ilikuwa biashara tupu. Yanakutana penye umiliki: wahusika walikuwa na chombo chao wenyewe, na uamuzi wao haukusubiri saini ya ofisa wa mbali. Mfuko wa Invest Local, wenye asili ya fedha za bahati nasibu ya taifa, ulilifuata wazo hilo kuanzia 2016 kwa kuyatengea maeneo 13, yakiwemo Maesgeirchen ya Bangor na Ynysowen iliyo jirani na Merthyr, hadi pauni milioni moja kila moja kwa miaka kumi, wakazi wakiamua kasi na matumizi. Fedha kidogo, muda mrefu, masharti machache.

Umiliki nao una mtego. Tangu bajeti zilipobanwa baada ya 2010, halmashauri nyingi zimekuwa tayari kuwakabidhi wakazi majengo kwa sababu paa linavuja na gharama ya kupasha joto haibebeki. Kuwapa watu waliochoka mzigo ambao serikali imeushindwa na kuuita uwezeshaji ni dhuluma. Na jengo zuri linapouzwa, wakazi wa Wales hawana kinga waliyo nayo wenzao wa Uskoti, ambako sheria ya ardhi ya 2003 ilizipa jamii za vijijini haki ya kwanza ya kununua, haki iliyopanuliwa baadaye hadi mijini. Cardiff ina mamlaka ya kutunga sheria ya namna hiyo. Sioni sababu ya kutosha ya kuichelewesha.

Sasa kuna mpango mpya wa serikali ya Uingereza wa hadi pauni milioni 20 kwa kila mji, kwa miaka kumi, na Merthyr Tydfil, Barry na Wrexham imo katika orodha. Kila mji una bodi yenye wakazi, wafanyabiashara, wanasiasa na taasisi za umma, mpangilio ambao mtu yeyote aliyekaa katika kamati ya Communities First atautambua mara moja. Muda wa miaka kumi ni afadhali kuliko ruzuku za mwaka hadi mwaka. Ningetaka kila bodi ijibu mambo mawili kwa maandishi kabla ya kutumia fedha nyingi: ni mali gani zitakuwa mikononi mwa wakazi kisheria ifikapo mwaka wa kumi, zikiwa zimekarabatiwa na zina kipato cha kujiendesha, na ni bajeti ipi ya halmashauri au ya afya itakayobadilika kwa uamuzi wa bodi, kwa makubaliano yaliyotiwa saini na mkuu wa taasisi hiyo mwenyewe, asiwe mjumbe aliyetumwa kuandika kumbukumbu.