Jana Nilikuwa Stendi ya Dishi

Kwanza kabisa, sikufungwa kamba. Ile sauti inayozunguka kwenye makundi tangu jana usiku nimeisikia, rafiki yangu anasimulia huku anacheka mpaka anakohoa, na mengi aliyosema nakubali ni kweli. Ya kamba ameitunga. Dishi nililishikilia kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiari, dakika 40 na ushee. Najua utetezi wenyewe haunisaidii sana.

Mnaonifuata mnajua hii ni wiki yangu ya kwanza kujiajiri. Fulana ninayo, mgongoni imeandikwa FUNDI DISHI NA ANTENA kwa herufi ambazo hata aliyepita barabarani anazisoma, na chini yake namba ya simu. Ikumbukeni hiyo fulana. Ngazi ninayo, drili ninayo, spana ninazo, na kile kidude kinacholia kikinusa mawimbi. Uzoefu nilikuwa nawaambia wateja ni miaka 2. Si uongo. Miaka 2 nimekula chini ya fundi mwingine. Nisichokuwa nakisema ni kwamba miaka yote hiyo yeye alikuwa juu ya paa na mimi sebuleni, macho nimeyatoa kwenye runinga, kazi yangu kupiga kelele: "Imepanda! Imeshuka! Imepanda tena!" Kwa kelele hizo hakuna anayeniweza hadi leo.

Sasa jana kuna mzee mmoja ana fainali. Kaalika watu, viti kapanga, dishi jipya liko kwenye boksi. "Mwanangu, itachukua muda gani?" Nikamwambia saa moja tu, mzee. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa akisema yule bosi wangu. Nikamchukua rafiki yangu akae sebuleni apige kelele kwa niaba yangu.

Bomba la kubebea dishi nilifunga vizuri, limesimama wima, hilo mnipe. Nikaweka dishi, nikafunga LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi, nikachomeka kidude, nikaanza kuzungusha taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Kidude kikalia. Nikasogeza kidogo, kikapiga mayowe. Jamani, nilikaza! Nati moja nilivyoikaza kwa furaha nikasikia kitu kinateleza ndani, uzi umelika, spana inazunguka bure. Nikasema si kitu, si zipo mbili?

"Vipi huko ndani?"

"Hakuna kitu!"

"Angalia vizuri!"

"Nimeangalia! Imeandika hakuna mawimbi!"

Kwa wasiojua: kile kidude hakijui kusoma. Kinalilia setilaiti yoyote itakayopita mbele yake. Nilikuwa nimepata setilaiti, tena safi kabisa, ya watu wengine.

Nikalegeza, nikaanza upya. Mzee akatoka nje, akaangalia juu, akasema, "Mwanangu, mbona umelielekeza kwenye paa la jirani?" Nikaanza kumfundisha kwamba dishi la aina hii, lenye kichwa kilichokaa upande wa chini, haliangalii pale uso wake unapoelekea. Linaonekana limeinama ila lenyewe linatazama juu zaidi, kwa nyuzi 20 na kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ukilisimamisha vizuri litakuwa linaangalia wapi?" Sikujibu. Mashabiki walikuwa wameanza kuingia.

Kipindi cha kwanza kiliisha nikiwa natafuta. Sitaki kukizungumzia hicho kipindi. Watu wazima walikaa dakika 45 wakitazama kioo cha bluu.

Kipindi cha pili kinaanza, nikalipata. Rafiki yangu alilia kama aliyeona ndugu yake aliyepotea: "HAPO HAPO! Imejaa! USIGUSE!" Sebule nzima ikashangilia. Mkono wa kushoto umeshika dishi, mkono wa kulia nachukua nati, ile moja nzima iliyobaki.

Hapa twende polepole.

Nati ilikuwa vidoleni. Vidole vilikuwa na jasho. Nikaisogeza kwenye bolti, ikagusa, ikazunguka nusu duara, nikasikia imeshika, nikaiachia nichukue spana. Haikuwa imeshika. Ikaanguka kwenye bati: ting. Ikasimama. Wallahi ilisimama, ikaniangalia. Nikanyoosha mguu kuizuia. Mguu ndio ulioisukuma. Ting, ting, ting, ikashuka na bati bila haraka yoyote, ikaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, ikaviringika mfereji mzima, nikaisikia inaingia kwenye bomba la kushuka, halafu kimya, halafu kwa mbali kabisa, chini ya ardhi: chubwi. Tenki la maji.

Nati za akiba ninazo. Ziko kwenye begi. Begi liko sebuleni, rafiki yangu amelikalia.

Nikaita, "Niletee nati!" Nilipovuta pumzi kuita, bega likatikisika. Ndani wakapiga yowe: "FUNDI USITIKISIKE!" Nikaita tena kwa sauti ya chini. Kwa sauti ya chini hakuna aliyesikia. Na ngazi je? Ngazi rafiki yangu alishailaza chini kwa sababu watoto walikuwa wanaipanda. Busara kubwa, nampongeza.

Mzee akachungulia dirishani. Nikamweleza hali ilivyo. Akatazama runinga, akanitazama mimi, akatazama runinga. "Mwanangu," akasema kwa upole, "si umeshalishika? Lishike hivyo hivyo."

Mnaniuliza kwa nini sikulifunga kwa waya. Waya nilikuwa nao, mita kadhaa, umening'inia shingoni kwangu. Hilo swali na mimi nilijiuliza, saa 8 usiku, nikiwa kitandani.

Kushika dishi si kazi ndogo. Mbele huwezi kukaa, ukikaa mbele wewe ni wingu. Kwa hiyo nilikaa nyuma yake, mguu mmoja huku na mmoja huku kwenye mgongo wa paa, kifua nimekibandika kwenye dishi, mgongo nimewapa watu wa barabarani. Naam, fulana. Rafiki yangu alitoka nje mara moja tu, si kuniletea nati. Alitoka kupiga picha. Namba ya simu inasomeka vizuri sana.

Na picha ya dijitali haina huruma. Zamani kwa antena ukitikisika watu wanaona chenga, wanavumilia. Hii ama ipo ama inakatikakatika vipande na kuganda. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukikosea nyuzi 1 tu hapa chini, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600. Hesabu hiyo nilikuwa naijua siku zote, jana ndiyo nilijua inauma sehemu gani ya kiwiko. Kila nikipumua kwa nguvu wanasema "aaah!" Nikajifunza kupumua mpira ukitoka nje.

Katikati ya ukimya mmoja nikamsikia bibi wa pale ndani anauliza, "Na huyu kijana wa juu, analipiwa kila mwezi au ni mara moja tu?"

Dakika ya 88. Bado 0-0. Mpira nilikuwa naufuata kwa masikio. Sebule ikaanza kupanda: "Eee! Eee! Mpe! MPE!" Viti vinakwaruza sakafu, watu wanasimama. Sasa, jirani yeye anatazama kwa antena ya kawaida, mawimbi yake yanatoka mnarani, ya kwetu yanapanda kule juu na kushuka, karibu robo sekunde imeliwa njiani, na king'amuzi nacho kinajivuta. Kwa hiyo kwa jirani wakatangulia.

"GOOOOO…"

Nikageuka kuangalia. Sikuamua, shingo iliamua. Shingo ikavuta bega. Bega likavuta kiwiko. Kiwiko kikavuta dishi, kidogo tu, kama mtu anayesogeza kikombe. Nikalihisi linaondoka. Nikalirudisha. Nikalirudisha kupita kiasi.

Chini yangu sebule ikanyamaza. Watu zaidi ya 20, kimya, kama umeme umekatika, ila taa zinawaka. Kwa jirani wanaruka, sufuria zinapigwa. Halafu sauti moja ya unyonge kutoka ndani:

"Nani kafunga?"

Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile niliye juu vya kutosha kuwauliza jirani. Nikauliza. Jirani wakanijibu. Nikawatangazia wa kwangu kutoka paani. Ilikuwa timu ya wageni wa mzee. Mzee mwenyewe ni wa ile nyingine.

Akatoka nje. Akasimama uani, mikono nyuma. Akaniangalia muda mrefu.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Shuka."

"Ngazi, mzee."

Mengine ya haraka: ngazi ikaja, begi likaja, nati mpya zote mbili nilizifunga kwa dakika 5, mawimbi yakajaa, wakaona kombe likikabidhiwa. Alinilipa, nikarudisha sehemu, akanitupia waya wangu nikiwa nimefika getini. Mkono wa kushoto leo haupandi juu ya sikio. Simu zimeingia 4, zote kwa ajili ya ile picha, mmoja anauliza kama nina nafasi msimu mzima.

Ya 5 ni ya mzee, asubuhi hii. Dishi anasema halina shida hata kidogo. Ni pampu ya tenki. Anasema tangu alfajiri inalia ting, ting, ting.

Naenda sasa hivi. Rafiki yangu ameomba kunisindikiza, nimemkatalia.