Kutoka mkononi hadi begani

Shangazi yangu bado ametunza shati la kaki la babu, aliyepigana Burma mwaka 1944 akiwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, Keya kama wazee walivyoiita. Tepe tatu za usajenti zilishafumuliwa zamani, lakini kitambaa kilichokuwa chini yake hakikupauka. Ukilitandaza juani unaziona zote tatu, ncha zinatazama chini.

Kwangu mimi, historia ya jeshi letu ni safari ya alama kutoka mkononi hadi begani. Tepe za askari huvaliwa mkononi, nyota za maofisa begani. Keya iliundwa mwaka 1902, na ukiacha maofisa wachache wa Kisudani wa miaka ya mwanzo, kwa zaidi ya miaka 50 bega lilikuwa la Mzungu. Mwafrika mwingine akipanda sana alikuwa ofisa mteule, na hata alama ya cheo hicho ilishonwa mkononi. Sajenti aliyevuka vita akiwa na askari wake alimpigia saluti luteni usu aliyewasili juzi, kwa sababu ya nyota moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waingereza wakaleta cheo cha efendi, juu ya ofisa mteule, chini ya luteni usu. Neno lenyewe ni la Kituruki, na Wajerumani walikuwa nalo kabla yao, pamoja na ombasha (koplo) na shaushi (sajenti). Ndilo lililotuachia "afande". Cheo kile nakiona kama kukaribishwa barazani huku mlango wa ndani umefungwa. Idi Amin alikivaa mwaka 1959. Uluteni aliupata 1961.

Ndiyo maana naumia tunaposimulia habari za Alexander Nyirenda kupandisha mwenge Kilimanjaro, Desemba 1961, tukalipita haraka neno "Luteni". Mtanganyika yule alikuwa na nyota begani, kutoka Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza. Januari 1964 askari wa Dar es Salaam waliasi wakidai mishahara bora, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Septemba ile JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ikazaliwa, mkuu wake Mirisho Sarakikya.

Natamani mwalimu wa historia achore ubaoni tepe tatu na nyota moja, kisha awaulize wanafunzi kwa nini safari fupi hivyo ilichukua nusu karne na zaidi.

Nimelipapasa shati la babu mabegani. Hakuna hata tundu moja la pini.