Haikuwa Chupi

Kwanza niweke hili sawa, maana Shomari ameshalisambaza kwenye magrupu matatu: kilichotoka ndani ya klarineti yangu, lile zumari la kizungu, Jumapili haikuwa chupi. Kilikuwa kipande cha kanga. Tuendelee.

Mnajua nimeanza klarineti, na wapangaji wenzangu hapa Tabata wanajua zaidi yenu. Wiki ya tatu sasa. Siyo ile ya mpingo, huu huu wetu wa Kilwa, unaoondoka vipande vya mbao na kurudi kwa bei ya kiwanja. Yangu ya plastiki, ya mtumba, Kariakoo, na kwa unyevu wa Dar bora hiyo hiyo, haipasuki.

Ukimaliza kupuliza lazima ufute mate ndani, la sivyo pedi za kuziba matundu zinavimba na hazizibi tena. Kinatakiwa kitambaa cha hariri au pamba nyepesi, chenye kamba na kiuzito. Mimi nikakata kanga kuukuu ya mama, nikaifunga kamba ya kiatu na nati ya baiskeli. Jumamosi usiku niko katikati ya kuvuta, umeme ukakatika. Kamba ikatoka. Nikajua na kitambaa kimetoka, kimeangukia huko gizani. Nikapapasa, nikafungua vipande, nikalala kwa amani.

Kumbe karibu na juu, nyuma ya kitufe cha kidole gumba, kuna kibomba kinachochomoza kwa ndani. Kitambaa kikijikunja, kinanasa hapo hapo. Mliokuwa mnajua mlinyamaza, asanteni.

Jumapili kulikuwa na sherehe ya kipaimara ya mjukuu wa mama mwenye nyumba. Shomari akamnong'oneza emsii kwamba hapa kuna mpulizaji. Viti vikageuzwa.

Hapa niende taratibu. Ridi, kile kibanzi cha mwanzi kinachotetema, namba mbili na nusu mdomoni, dakika nzima nailowesha, emsii anawaambia watu nasali. Nikaiweka kwenye kipulizio, ncha kwa ncha, weusi wa kipulizio ukibaki juu yake mwembamba kama unywele. Nikakaza skrubu. Nikajaribu kipulizio na pipa lake, kile kipande kifupi kinachofuata, peke yake: mbeeee! Mbuzi kamili. Makofi! Kwa hiyo ridi nzima, mdomo mzima. Nikaunga kipande cha juu na cha chini huku nimebonyeza pete za matundu ya juu, ili daraja, kichuma kinachounganisha vipande hivyo viwili, linyanyuke lisije likapinda. Kuchungulia ndani? Wala. Noti zangu zote ni tano, kutoka sol kushuka do. Nikavuta pumzi.

Fyuuu.

Kama tairi la bajaji. Nikajua kuna tundu halijazibwa, nikakandamiza vidole mpaka matundu yakajichora kwenye ngozi. Fyuuu. Nikang'ata, kosa la kila mwanafunzi, maana ukiing'ata ridi unaifungia hewa mlango. Mashavu yakavimba kama bunju, yule samaki, siyo kituo cha daladala. Masikio yakaziba. Katoto ka mbele kakauliza, "Bibi, anko anawasha jiko?"

Hapo ikatoka kwiiii moja, mbwa wa jirani akaitikia.

Mzee mmoja aliyewahi kupuliza brasi bendi akaninyang'anya, akafungua, akachungulia. "Kijana, humu mna mtu." Nikataka kusukuma kwa mti wa mshikaki, akanipiga kofi la mkono. "Unakirudisha kilikoingilia. Ukikilazimisha mbele kinazidi kujikunja." Akaazima kibano cha nyusi kwa akina mama, akavuta kwa chini, polepole, kama anatoa funza mguuni. Kikaanza kutoka: chekundu, kimelowa, kina pindo. (Hapo ndipo Shomari alipoona chupi.) Kikaendelea kutoka. Herufi zikaonekana. Emsii, Mungu anamwona, alikuwa bado ameshika maiki. Akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza:

"U-SI-KU M-TA-LA-LA."

Nyumba nzima haijalala wiki tatu.

Nikajitetea kwamba ni kanga ya mama, imekatwa tu, sentensi haikuanzia hapo. Mama mwenye nyumba akauliza, kwa upole kabisa, inaanziaje. Nami, mwehu, nikamjibu: "Mtasema mchana."

Sikula pilau.

Leo asubuhi kwenye kamba ya nguo, mbele ya mlango wangu, kumeanikwa kanga mpya, kavu, maandishi yakitazama kwangu. Nimechungulia pazia mara mbili. Bado sijathubutu kuisoma.