Probox, Poda na Mama Mkwe: Ile Sehemu Omosh Aliikata

Sawa. Ile video Omosh aliyonirekodi nikiwa mweupe kwa poda imeshafika hadi kwenye grupu la kamati ya mazishi kule kijijini, grupu ambalo kwa kawaida huamka mtu akifa. Wacha basi niongee nikiwa hai. Mliyoyaona ni ya mwisho tu. Omosh ameanzia pale ninapopiga kelele, akakata mapema, akaandika chini yake: "Shemeji yenu akijipaka poda kumpokea mama mkwe." Mmecheka. Kuna mtu wa Nakuru hata simjui ameniita Mzimu wa Migosi, mtaa wetu hapa Kisumu. Lakini kuna kidole kimoja hamkuonyeshwa. Tutafika.

Gari langu, Toyota Probox, lilikuwa likivuja oili. Wenye Probox msijifanye hamjui haya mambo: doa jeusi chini ya gari kila asubuhi, na ile harufu ya oili inayoungua ukikwama kwenye foleni ya Kondele huku abiria wakikutazama vibaya. Fundi mmoja akalala chini na tochi ya simu, akaona umajimaji pale injini inapokutana na giaboksi, akatoa hukumu akiwa bado amelala. "Sili ya krenki ya nyuma hiyo. Giaboksi lazima ishuke." Sili ndiyo ile raba inayozuia oili pale krenki inapotokea nyuma ya injini. Akataja bei. Nami nikakaa chini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pesa za watu huliwa. Oili haipandi mlima. Inateremka, na gari likitembea, upepo unaisukuma nyuma. Tone unaloliokota chini ya giaboksi huenda limeanzia juu kabisa, kwenye gasketi, ile raba inayoziba ukingo wa tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, likashuka mgongoni mwa injini na kuja kumsingizia sili wa watu. Sili ya nyuma huvuja, sikatai. Ila unakagua kuanzia juu ukishuka: tapeti kava, swichi ya presha ya oili, filta, sampu (beseni la oili chini ya injini), bolti ya kumwagia oili. Sili ya nyuma iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoshusha giaboksi.

Na injini iliyolowa kote haikwambii kitu. Unaiosha kwanza, ikiwa baridi. Vya umeme, oltaneta na koili, unavifunika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hivyo tumia zile karatasi za nailoni za mkate. Brashi, mafuta ya taa, sabuni ya unga, halafu maji ya kumimina tu, ile mashine ya presha iache huko huko kwa waosha magari. Kisha unasubiri ikauke kabisa na harufu ya mafuta ya taa iishe, vinginevyo ekzosti ikipata moto utajuana na majirani kwa njia nyingine.

Baada ya hapo ndipo inakuja poda. Ndiyo, poda ya mtoto. Unaimimina ndani ya soksi nyembamba, unaitikisa juu ya injini hadi kila mahali pawe peupe, unawasha gari na kuliacha lingurume taratibu. Mahali oili inapotokea, poda hulowa, na unaiona njia yake tangu mwanzo. Kwa hivyo wale mnaouliza poda ilikuwa ya nini, ilikuwa ya kazi. Junior mwenyewe hakuombwa ruhusa, hilo nitalimaliza naye.

Haya. Saa saba mchana, na jua la Kisumu mnalijua. Shati nimevua. Kaptura ni ile ambayo Mama Junior alishaitupa nami nikaiokota. Nimeegemea pembeni, kichwa kiko ndani ya boneti hadi mabegani, tochi mkono wa kulia, soksi ya poda mkono wa kushoto. Omosh yuko kwenye kiti cha dereva na ana kazi moja tu duniani: akanyage mafuta kidogo nikimwambia.

Tukangoja. Poda nyeupe, injini inanguruma, hakuna kitu. Halafu kule nyuma, kwenye kona ya tapeti kava, pakatokea alama ya kijivu. Ikageuka nyeusi. Ikaanza kuteremka, mstari mwembamba unaojichora ndani ya poda, pole pole, ukielekea kule kule giaboksi. Jamani, furaha niliyoipata! Nikaona pesa zangu zikirudi nyumbani kwa miguu. Nikafungua mdomo wote, nikaanza, "Nimeipa..."

Omosh naye akasema, "Omera, hili jua!" na kidole chake kikabonyeza AC.

(Kidole ndicho hicho. Endeleeni.)

Ukiwasha AC, feni ya redieta haingoji injini ichemke. Inawaka mara moja, kwa sababu gesi ya AC nayo lazima ipozwe kule mbele. Na feni hiyo haipulizi nje. Inavuta hewa kupitia redieta na kuitupa kwenye injini. Hewa ikigonga injini inatafuta pa kutokea, na boneti ikiwa wazi, pa kutokea ni juu. Juu ndipo nilipokuwa nimeweka uso.

Nilisikia rilei, ile swichi ya feni, ikisema "tak". Nikapata nafasi ya kuwaza, hiyo ni feni. Nafasi ya kufunga mdomo sikupata. Poda ya oltaneta, poda ya betri, poda ya kila bolti niliyoinyunyizia kwa upendo, ikainuka kwa pamoja. Nikashtuka, nikaibana soksi. Soksi nayo ikatapika yote iliyobaki. Macho yamejaa, pua imejaa, ulimi una ladha ya maua. Nikajipangusa kwa mikono, nikasahau mikono ina oili, na hapo ndipo poda ikapata mahali pa kushika vizuri. Nilikuwa andazi lililoangukia kwenye unga.

Nikasikia geti. Nikasikia hatua zikija upande wangu, nikajua Omosh ameshuka kuja kuokoa maisha.

"Leta kitambaa!" nikafoka. "Haraka! Unazubaa nini wewe?"

Kimya. Halafu kitambaa kikawekwa mkononi mwangu, taratibu sana. Kitambaa laini. Nikafuta macho. Nikafuta uso. Nikafuta ulimi, jamani, nikauvuta na kuufuta. Nikapenga kamasi, tundu zote mbili za pua, kwa nguvu. Ni wakati wa kuvuta pumzi ndipo nikanusa moshi wa kuni kwenye kile kitambaa. Nikawaza: Omosh hajawahi kuwasha kuni tangu azaliwe.

Nikafungua jicho moja. Nikaona viatu vyeusi vya kanisani. Kando yake kuku amelazwa, miguu imefungwa kamba. Nyuma yake tuktuk, na dereva amezima injini ili asikie vizuri. Omosh bado yuko ndani ya gari, simu imeinuliwa, AC inampuliza.

Kwa mlio mbali: huku magharibi mwa Kenya, kwa mila, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Ukimwona njiani unampisha, ikibidi unaingia kwenye mahindi. Mimi nilikuwa nusu uchi, nimemfokea, na nimepengea kilemba chake.

"Baba Junior," akasema, akiutazama ukuta wa jirani. "Habari za kazi."

"Njema, Mama," nikajibu, na wingu likanitoka mdomoni.

Mengine hayana maana. Nilijifungia bafuni hadi akamwona mjukuu, akala, akaondoka. Kilemba kipya kimenunuliwa Kibuye na kupelekwa na Mama Junior, ambaye bado ananijibu kwa neno moja moja.

Gari? Gasketi ya tapeti kava ilinunuliwa kwa elfu moja na kitu. Unavua koili nne, bolti namba 10 kuzunguka kava, kava inatoka. Gasketi ya zamani ilikuwa ngumu, ukiikunja inakatika, ndiyo maana ilivuja. Futa sehemu zote mbili hadi ziwe kavu. Gasketi mpya haitaki silikoni kote. Inawekwa tone kidogo pale tu kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, pande zote mbili. Ukipaka nyingi, vipande vitakatikia ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo utamwita yule fundi ukilia. Bolti zikaze kwa zamu ukianzia katikati, kama Nm 10 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza), usioneshe nguvu za shamba. Valvu ya PCV, ile ya kutolea presha ya ndani ya injini, itoe, itikise. Isipolia ndani, imeziba, na presha itaisukuma oili nje hata gasketi iwe mpya. Mwisho pima oili kwa dipstiki, ongeza kilichopotea. Injini hii ya 1.5 huchukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hivyo usimwage galoni nzima ya lita nne kwa hasira.

Nikaliendesha mpaka Kisian na kurudi, AC imewashwa, nikaliegesha juu ya katoni kavu. Baada ya kidogo nikachungulia: doa! Nikapiga magoti, nikachovya kidole. Baridi, halina rangi, halitelezi, na liko upande wa abiria. Maji ya AC tu, hiyo ni kawaida, msikimbilie fundi.

Omosh, najua unasoma hapa kabla ya wote. Kopo la poda nakudai, lile kubwa.