Mhadhara wa bure chuoni uandaliwe kwa ajili ya mtu wa nje

Vyuo vikuu vya sanaa na usanifu vina desturi moja nzuri sana. Mara kadhaa katika muhula, mchoraji, mbunifu wa mavazi, mpiga picha au fundi wa samani huitwa kueleza kazi zake mbele ya umma, na kiingilio hakuna. Cooper Union ya New York, inayofundisha sanaa, usanifu majengo na uhandisi, ilifungua ukumbi wake mkubwa, Great Hall, mwaka 1858, chini ya usawa wa barabara, na watu wa mjini wamekuwa wakiingia humo kusikiliza tangu enzi hizo. Abraham Lincoln alihutubia hapo tarehe 27 Februari 1860, kabla hajawa rais. Huko Los Angeles, shule ya usanifu majengo ya SCI-Arc ilianza kurekodi mihadhara yake miaka ya 1970, na leo mwenye simu na bando anaitazama bila kulipa chochote.

Kwangu mimi, mhadhara huu ndio somo pekee ambalo chuo humpa mtu asiyelipa ada. Fundi cherehani wa Kariakoo, mwalimu wa sekondari, kijana anayechora mabango ya matatu, mama anayesuka ukili: hawa wote wana haki ya kukaa humo ndani na kutoka na kitu. Basi kila uamuzi wa maandalizi upimwe kwa mtu huyo. Mara nyingi haupimwi hivyo. Hupimwa kwa wanafunzi walioamriwa kuhudhuria, ambao wanaujua ukumbi, wanamjua mzungumzaji, na wataketi hadi mwisho hata wasipoona wala kusikia.

Kikwazo cha kwanza kwetu Afrika Mashariki ni geti. Tangazo linasema wote mnakaribishwa, lakini askari anauliza kitambulisho cha chuo, au anauliza, "Unaenda kwa nani?" Mgeni hana jina la kutaja, anageuza. Askari hana kosa, hakuambiwa. Dawa yake ni barua ya nusu ukurasa kwa mkuu wa ulinzi, siku tatu kabla, yenye tarehe, saa, jina la jengo, idadi ya watu wanaotarajiwa, na sentensi moja iliyo wazi: wageni wa mhadhara huu hawahitaji kitambulisho cha chuo. Nakala ibandikwe kwenye kibanda cha geti, kwa sababu zamu hubadilika, na askari wa jioni hakuwepo barua ilipopokelewa. Tangazo lenyewe litaje geti lipi, kituo kipi cha daladala, na jengo kwa jina linalojulikana na watu. "Ukumbi B204" haumsaidii mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo.

Saa nayo. Mhadhara wa saa nane mchana siku ya kazi ni wa wanafunzi, hata ukitangazwa kwenye redio. Saa kumi na moja jioni, kumalizika saa kumi na mbili na nusu, kunamwezesha aliyetoka kazini kufika, na anayerudi mbali kupata usafiri kabla giza halijashika sana. Kuhusu kujiandikisha mtandaoni, kwa tukio la bure watu wengi hujiandikisha na hawafiki. Viti vikiwa 120 na ukafunga orodha kwenye 120, utawazuia watu mlangoni huku viti vikibaki vitupu. Ruhusu majina yazidi viti, kisha dakika kumi kabla ya kuanza, kiti chochote kisicho na mtu kiwe cha aliyepo mlangoni.

Sasa picha, na hapa nitakaa kidogo, maana mhadhara wa sanaa unaangukia hapa kuliko mahali pengine popote. Wasikilizaji wamekuja kutazama. Picha ikipauka, mhadhara umepauka. Projekta nyingi za vyuo hukaa katika hali ya mwanga mkali kabisa, ile inayofaa majedwali ya hesabu. Hali hiyo huongeza mwanga kwa kusukuma kijani, na nyekundu ya mchoraji inageuka kuwa rangi ya matofali. Ingia kwenye menyu, chagua hali ya sinema au ya rangi halisi. Ni kazi ya chini ya dakika moja. Mwanga utapungua, kwa hiyo zima taa zilizo juu ya pazia la picha na ufunge mapazia ya madirisha ya upande huo, lakini usizime taa zote. Mtu anayetaka kuchora au kuandika anahitaji kuona daftari lake, na mzungumzaji aliye gizani ni sauti isiyo na uso.

Ukubwa wa maandishi una kipimo rahisi. Mtu wa safu ya mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha iliyo ukutani. Picha yenye kimo cha mita 2 inafaa ukumbi wenye kina cha mita 12 hivi. Kipimo hichohicho unaweza kukitumia nyumbani: kioo cha laptopu ya kawaida kina kimo cha sentimita 17 au 18, basi rudi nyuma mita moja na kidogo, usome slaidi zako. Usichoweza kusoma hapo, hakuna atakayekisoma ukumbini.

Kisha kuna tatizo ambalo wasanii wenyewe hulisahau kwa kuwa wameizoea kazi yao: ukutani kila kitu kina ukubwa mmoja. Ubao wa Tingatinga wa sentimita 60 kwa 60, na mmoja wa ile michoro mitano mikubwa aliyoichora msanii Elimo Njau kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, vikiwekwa kwenye slaidi vinajaza nafasi ileile. Aliyewahi kuviona atavitofautisha. Mtu wa nje ataondoka akidhani ni kazi za aina moja. Kila kazi ipewe angalau picha moja yenye mtu, kiti au mlango pembeni yake, na chini ya picha iandikwe jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo. Vifaa visiachwe. Tingatinga za mwanzo zilichorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya ubao mgumu, na mng'ao huo hauonekani kabisa katika picha iliyopigwa kutokea mbele. Picha moja ya pembeni, taa ikigonga ubao kwa mshazari, inamaliza maelezo ya dakika tano.

Chukua kanga. Watu wanaozungumzia usanifu wa vitambaa hupenda kupanga kanga nne au sita kwenye slaidi moja, na papo hapo jina halisomeki kutoka katikati ya ukumbi. Kanga isiyosomeka jina ni nusu kanga. Inahitaji slaidi tatu: kipande kizima kimetandazwa, chenye takribani sentimita 150 kwa 110, pindo na mji vikionekana vyote, jina peke yake likijaza upana wa picha, halafu kanga ikiwa mwilini, imepigwa kutokea nyuma, kwa kuwa huko ndiko jina husomwa na wanaopita. Slaidi tatu kwa kanga moja zinamaanisha kanga chache zaidi, na hilo ni jema. Kwa dakika 45, picha 40 ni nyingi za kutosha, kila moja ikipata kama dakika moja. Anayeleta 120 ataanza kuruka slaidi ifikapo nusu saa, na atakazoziruka ndizo kazi zake mpya, kwa kuwa aliziweka mwisho.

Mtindo wa PechaKucha, ulioanzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham, hukata mzizi wa tatizo hilo: picha 20, sekunde 20 kila moja, dakika 6 na sekunde 40 basi. Kwa jioni ya wanafunzi wanane kuonesha miradi yao sijaona utaratibu bora. Kwa msanii mmoja mgeni siupendi, kwa sababu sekunde 20 hazitoshi kutazama mshono wala nakshi ya mlango.

Mzungumzaji afike dakika 45 kabla, slaidi zikiwa kwenye flashi mbili, nakala moja ikiwa PDF. Faili ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zake, maandishi husogea na kufunika picha, PDF haisogei. Video zihifadhiwe ndani ya kompyuta, zisitegemee intaneti ya ukumbi, na zijaribiwe kwa sauti, maana kebo ikishachomekwa, sauti mara nyingi huhamia kwenye projekta yenye spika ndogo badala ya spika za ukumbi.

Sauti: maikrofoni iliyosimama mezani haimfai mtu anayezungumzia picha. Kila akigeuka kuelekeza kitu ukutani, sauti inapotea, na anageuka kila dakika. Apewe ya kubana kwenye kola, upande anaogeukia. Kama ipo ya mkononi tu, afundishwe kuishika karibu na kidevu na kugeuka nayo.

Wakati wa maswali ndipo mtu wa nje hupotea kabisa. Anayeinua mkono wa kwanza ni mhadhiri wa hapohapo, anazungumza dakika nne, na hakuna swali ndani yake. Mwongoza kikao ana kazi ya kuzuia hilo, na anaweza kufanya hivyo kwa adabu kwa kutangaza mapema: "Swali la kwanza tutampa mgeni asiyesoma wala kufundisha hapa." Akae kimya hata nusu dakika akisubiri, mtu atajitokeza. Vikaratasi na kalamu vigawiwe mlangoni kwa wasiopenda kusimama. Swali likija kwa Kiswahili katika mhadhara wa Kiingereza lipokelewe hivyohivyo na litafsiriwe na mwongoza kikao, bila kumtaka muulizaji aombe radhi wala ajaribu tena. Maikrofoni ibaki mkononi mwa mhudumu; ikishakabidhiwa, kuirudisha ni mashindano. Na kila swali lirudiwe na mzungumzaji kabla ya kujibiwa, la sivyo rekodi itakuwa na ukimya mrefu kisha jibu la swali lisilojulikana.

Bure kwa msikilizaji isiwe bure kwa msanii. Chuo kisichoweza kulipa posho na nauli kipunguze mihadhara muhula huo kutoka minane hadi minne, na kilipe hiyo minne. Anayemwambia msanii kwamba atalipwa kwa kujulikana anaondoa siku nzima ya kazi kwenye karakana ya mtu ambaye pengine hana mshahara.

Rekodi ndiyo inayoufikisha mhadhara kwetu tulio mbali. Kwa mihadhara ya London inayoanza saa 12:30 jioni, kutazama moja kwa moja kunawezekana: kwetu ni saa 3:30 usiku, na wakati wao wa kiangazi ni saa 2:30. Ya New York ya saa hiyohiyo inaangukia saa 8:30 usiku wa manane wakati wa baridi yao, hivyo subiri rekodi. Angalia pia mwezi Machi, kwa kuwa Marekani husogeza saa wiki mbili au tatu kabla ya Uingereza, na ratiba uliyoizoea huhama.

Vyuo vyetu navyo virekodi mihadhara yao, kuanzia Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937. Kabla ya kurekodi, msanii asaini karatasi inayosema rekodi itawekwa wapi na kwa muda gani, na aeleze picha zipi si zake ili kibali kitafutwe mapema. Vinginevyo mhariri atalazimika kuzifunika na mhadhara utakuwa na mashimo. Anayeandika maandishi ya chini ya video apewe orodha ya majina siku moja kabla, kwa sababu programu zinazoandika zenyewe mara nyingi huharibu majina kama Ntiro, Njau na Murang'a.

La mwisho ni bando. Video ya ubora wa 360 hula takribani MB 300 kwa saa, na bado haioneshi nyuzi za kitambaa. Sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama MB 58. Chuo kikiweka faili ya sauti, na kando yake PDF ya slaidi zenye namba, iliyobanwa ifike MB 10 au chini, msikilizaji wa Kigoma au Bukavu atasikiliza huku akifungua picha safi kwenye simu yake, akizikuza anavyotaka, kwa chini ya robo ya gharama ya video. Mzungumzaji ana kazi moja tu ya ziada: kutaja namba ya slaidi kila anapobadilisha.