Varroa: jina moja lilificha viumbe wawili

Mtazame utitiri wa Varroa kwenye mgongo wa nyuki. Ni bapa, mwekundu wa kahawia, mpana kuliko alivyo mrefu kama kaa, na jike hafiki hata milimita 2. Kwa karibu karne nzima alijulikana kwa jina la Varroa jacobsoni, alilopewa na mwanasayansi Oudemans mwaka 1904 kutokana na vielelezo vya Java, kisiwa cha Indonesia. Mwaka 2000, wanasayansi Anderson na Trueman walionyesha kwamba utitiri anayeangamiza mizinga duniani ni spishi nyingine, wakamwita Varroa destructor. Ukiongeza V. underwoodi na V. rindereri, jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi nne.

Hoja ya kupinga mgawanyo huo ina uzito. Kwa macho, wawili hao wanatofautiana zaidi kwa ukubwa na umbo, na lazima uwapime kwa hadubini. Tena, mama huingia kwenye chumba cha sega kabla hakijafunikwa, akataga, na mara nyingi mwanawe wa kiume huwapanda dada zake humo humo. Kwa uzazi wa namna hiyo, tofauti za vinasaba hujikita upesi katika kila ukoo. Je, tunahesabu spishi au koo tu? Kisha kuna usumbufu wa maandishi: karibu kila kilichoandikwa kabla ya 2000 kuhusu "jacobsoni" kwenye nyuki wa Ulaya (Apis mellifera, anayefugwa sana duniani) kinamhusu destructor.

Hata hivyo naunga mkono mgawanyo. Ulifumbua fumbo lililosumbua kweli: kwa nini utitiri wa Java aliingia kwenye mizinga ya nyuki wa Ulaya lakini hakuzaa humo, ilhali "huyo huyo" kwingineko aliiteketeza?

Mwaka 2008, huko Papua New Guinea, jacobsoni naye alikutwa akizaa kwenye nyuki wa Ulaya. Kwangu hilo halivunji spishi. Linavunja mazoea ya kumtambua utitiri kwa nyuki anayemnyonya. Vinasaba vyake vilibaki vya jacobsoni, na kwa sababu majina yalikwisha kutenganishwa, ilionekana mara moja kwamba huo ni uvamizi mpya.

Palipobaki na kazi ni Ufilipino. Utitiri wa Luzon na Mindanao, wanaoishi na nyuki wa Asia, waliachwa mwaka 2000 bila kuingizwa kwenye spishi yoyote kati ya hizo nne.